Mjadala: Historia ya Kigoma ianzie Ujiji au Buha?

Mwana_wa_Heru (mleta mada)
Wakuu, salaam. Vijana kadhaa wa Kigoma tumeanza kurekodi wazee kwa simu kabla hawajatutoka, tupate kitabu cha historia ya mkoa ambacho mtoto wa darasa la saba atakisoma akakielewa. Tumekwama sura ya kwanza. Wenzangu wanataka tuanze na Ujiji 1871, Stanley na Livingstone chini ya mwembe. Mimi nakataa. Ule mwembe ni habari ya wageni wawili kukutana. Buha, nchi ya Waha, ilikuwa na akina Mwami wake, yaani wafalme, na ng'ombe wake kabla Mzungu yeyote hajaliona Ziwa Tanganyika. Heru, moja ya falme hizo, imewahi kutawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na binti zetu hawamjui hata kwa jina. Ujiji ni mji wa watu wa kuja, wenye mkoa ni Waha. Naombeni maoni.

Kitongoni_Damu
Nimeishia hapo kwenye "watu wa kuja". Mimi nimezaliwa Ujiji, baba kazaliwa Ujiji, babu kazikwa Ujiji. Mtu akae miaka mingapi ndipo aache kuwa wa kuja? Nitajie, nikamwambie mama.

Stesheni_ya_Mwisho
Tulieni. Jina Ujiji lenyewe limetoka kwa Wajiji, watu wa Bujiji, na Bujiji ilikuwa moja ya falme za Waha. Kwa hiyo hapo mnagombania nyumba moja kwa milango miwili. Mimi ningeanza na reli. Ilifika 1914, na ikaishia ghuba ya Kigoma kwa sababu kule maji ni ya kina na pametulia, wakati pwani ya Ujiji ni ya maji mafupi. Siku ile treni ilipopiga honi Kigoma ndipo Ujiji ilipoanza kuachwa nyuma. Muulizeni mzee yeyote wa Ujiji kama hilo limeshamtoka moyoni.

Mama_Dagaa
Na meli msiisahau. Liemba Wajerumani waliitengeneza hapa hapa Kigoma, babu yangu alikuwa akisimulia.

Stesheni_ya_Mwisho
Iliunganishwa hapa, dada. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwenye makasha. Ikashushwa majini 1915, na 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua 1924. Nani aliyabeba makasha yale? Hao ndio ninaotaka waandikwe.

Mama_Dagaa
Basi babu yangu hakukosea. Kwetu kuunganisha ndiyo kutengeneza.

Mwana_wa_Heru
@Kitongoni_Damu, sikukutukana, ndugu yangu. Lakini historia ni historia. Misafara ya pembe za ndovu ilileta watu kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, na wengi hawakuja kwa hiari yao. Hilo nalo tulifiche?

Kitongoni_Damu
Nani kakwambia tunaficha? Bibi yangu alikuwa na kijungu cha udongo chini ya kitanda, ndani yake shanga nyeupe kama mrija uliokatwakatwa, zimetungwa kwenye uzi uliooza. Nikiwa mdogo nilizichezea, akanichapa. Baadaye mzee wa jirani akazitambua: sofi, pesa ya soko la Ujiji enzi za misafara. Bibi yake bibi, aliyevushwa ziwa akiwa binti mdogo, ndiye aliyezikusanya, uzi mmoja mmoja, kwa kuuza samaki. Alitaka kujikomboa. Kama alifanikiwa hakuna aliyetuambia, ila shanga zilibaki, maana yake hazikutumika zote au hazikupokelewa. Mimi nalala na swali hilo, wewe unaniambia "hawakuja kwa hiari" kama umeligundua jana.

Mwanga_Sokoni
Dah. Pole sana kaka. Hizo shanga bado zipo?

Manyovu_Juu
Mimi hilo neno "wa kuja" limenigusa pengine kabisa. Nyie wa Ujiji mmeambiwa mara moja mmewaka. Sisi wa mpakani tunaambiwa kila ofisi. Mwezi uliopita nimekwenda kufuatilia kitambulisho, nikaulizwa babu kazikwa wapi, nikataja kijiji. Nikaambiwa nihesabu moja hadi kumi kwa Kiha. Nikahesabu. Akanitazama: "Hiki si Kirundi?" Nilitoka pale machozi yananilenga, mtu mzima mwenye watoto watatu. Kabla ya Vita vya Kwanza Urundi na Buha zote zilikuwa chini ya Mjerumani. Mbelgiji na Mwingereza ndio waliogawana baadaye. Leo mstari wao unaniuliza mimi ni nani.

Unyanyembe_Mjini
Nipo Tabora, nasoma tu. Na Kigoma zamani ilikuwa Jimbo la Magharibi, makao makuu hapa kwetu, kwa hiyo nina haki ya kuchangia. Mwenzangu wa Manyovu, Serikali nayo ina hoja. Kigoma imepokea wakimbizi tangu zamani, kambi ya Nyarugusu ipo toka 1996. Lazima waulize.

Manyovu_Juu
Waulize, sijakataa. Lakini wawaulize wote. Wewe lini uliambiwa uhesabu kwa Kinyamwezi?

Ulyankulu_Asili
Mkuu wa Unyanyembe, huku Tabora hiyo hiyo sisi wazazi wetu walikimbia Burundi 1972. Mwaka 2014 watu zaidi ya laki moja na nusu tukapewa uraia. Nina cheti, kimelaminishwa. Bado mtaani jina langu ni "mkimbizi". Karatasi na mdomo wa jirani ni vitu viwili.

Stesheni_ya_Mwisho
Nilisema Wajiji ni ndugu wa Waha. Mpaka sasa hakuna aliyenijibu.

Mwana_wa_Heru
Mzee wangu, nimekusoma. @Kitongoni_Damu, naomba nije nizipige picha hizo shanga, na mama aongee mwenyewe, kwa maneno yake.

Kitongoni_Damu
Mama yupo, karibu baada ya Alasiri. Lile neno uliache Mwandiga ukipita. Akilisikia hatakupa hata maji.

Manyovu_Juu
Jumatatu narudi ofisini. Safari hii wanataka ushahidi kwamba babu alikuwepo nchini kabla ya Uhuru. Aliyepita njia hii anisaidie, nibebe nini?

Mama_Dagaa
Barua ya mwenyekiti wa kijiji, kiapo cha wakili, na wazee wawili wanaomjua babu yako, uende nao kwa miguu yao. Shemeji yangu ilimkwamisha mwaka mzima, ikaja kumuokoa kadi ya TANU ya baba yake. Ilikuwa imechomekwa kwenye paa la jikoni, nyeusi kwa moshi, jina linasomeka nusu. Panda juu ya dari la bibi yako leo leo, mwanangu, usingoje Jumatatu.