Mrejesho: drams zangu zilizokuwa zinasikika kama cherehani
Wakuu, mnakumbuka niliuliza mbona drams ninazopanga kwenye FL Studio (programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta) zinasikika kama cherehani? Nimefanya mlivyosema aisee, kumbe hai-hati zote (yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) nilikuwa nimezipandisha velositi, yaani nguvu ya pigo, mpaka mwisho kabisa, 127, kila pigo kwa nguvu zote, nikashusha zile za katikati hadi 60 hivi, nyingine 85, halafu snea (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali) nikaivuta nyuma ya gridi, ile mistari ya mapigo kwenye skrini, ichelewe kidogo sana. Na yule aliyesema mpiga drams ana mikono miwili tu, asante sana ndugu yangu, nilikuwa nimeweka hai-hati, snea na krashi (lile toazi kubwa) zinapiga pamoja! Nimetoa hai-hati hapo na wimbo wa kwaya umepumua kabisa. Kiki (ngoma kubwa ya mguu) bado inagongana na besi, hiyo nahangaika nayo leo usiku.