Ushauri: tunaongeza mnara kanisani, ni lazima uwepo?

Katibu_Ujenzi: Wakuu, heshima kwenu. Kamati inataka mnara, wazee wanauliza kwa nini makanisa huwa na minara. Jumapili natakiwa kujibu. Nisaidieni.

Mtafiti: Si lazima. Kazi yake kubwa ilikuwa kengele: ikipanda juu ya mapaa, sauti haizuiliwi na nyumba. Ile ncha ni paa la mnara, mteremko mkali humwaga maji upesi. Watu wakaiona kama kidole kinachoelekea mbinguni. Ila kule Salisbury, Uingereza, mnara wa mita 123 uliongezwa juu ya kanisa ambalo msingi wake una kina cha mita 1.2 hivi. Nguzo za ndani zimepinda, unaziona kwa macho.

MzeeWaNondo: Katibu, wenu utakaa juu ya nini?

Katibu_Ujenzi: Juu ya baraza ya mlango mkuu.

MzeeWaNondo: Nguzo zipo?

Katibu_Ujenzi: Hapana, ni tofali za inchi 6. Ila fundi ni mzoefu, na tumeshapandisha mita 3. Kuna ufa mdogo tu, unatoka pembe ya mlango kwenda juu kimshazari.

MzeeWaNondo: Hilo ndilo ungeanza nalo! Ukuta wa inchi 6 una kilo 300 hivi kwa mita mraba. Mnara wa mita 2.5 kila upande, kimo mita 9, ni tani 27. Ufa wa namna hiyo mara nyingi ni msingi unaozama upande mmoja. Gundisha kipande cha kioo juu yake, andika tarehe. Kikivunjika, ufa bado unatembea.

MamaKwaya: Watoto wanapita chini ya ufa huo, nanyi mnawaza urefu! Mungu anasikia hata rimu ya lori ikigongwa.

Katibu_Ujenzi: Mama, kengele imeshalipiwa. Ni ya shaba, mdomo sentimita 90, kilo 120. Tutaiweka wapi?

Mtafiti: Sasa nashuku uzi wote ni wa kutunga. Kengele ya shaba ya sentimita 90 hupita kilo 400. Kilo 120 ni ya sentimita 60 hivi.

Katibu_Ujenzi: Sijatunga. Kilo ziko kwenye risiti, mdomo nimeupima mwenyewe kwa tepu.

MzeeWaNondo: Basi amini tepu. Kengele hiyo ikibembea, husukuma pembeni kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wake. Simikeni fremu ya chuma uwanjani, yenye msingi wake. Kengele itulie, vuteni ulimi kwa kamba. Zile mita 3 zishushwe kuanzia juu, tofali moja moja, mhandisi akiwepo.

Katibu_Ujenzi: Jumapili kuna ubatizo, wageni wataingilia hapo hapo. Baada ya ibada je?

MzeeWaNondo: Leo. Fungeni mlango mkuu, waingilie wa pembeni.