Naomba ushauri: kanuni za simu skulini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie mwalimu wa sekondari huku Wete, Pemba. Kamati ya skuli imenipa kazi ya kuandika rasimu ya kanuni za simu kwa wanafunzi, na nimekwama.

Wenzangu wengi wanataka marufuku tu, basi. Wanatolea mfano Ufaransa, iliyopiga marufuku mwaka 2018. Lakini sisi marufuku tunayo miaka yote na simu zimo mikobani! Muhula uliopita nilimnyang'anya simu msichana wa Kidato cha Tatu, nikaifungia kabatini. Magharibi mamake akaja kwangu: kumbe simu ile ni ya nyumba nzima, ndiyo inayopokea hela kutoka kwa baba aliyekwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali. Niliona haya.

Upande wa pili, wapo wanaowapiga walimu picha na kuzirusha kwenye magurupu.

Nafikiria simu zikabidhiwe asubuhi kwa daftari, zirudishwe kengele ya mwisho, zitumike darasani pale tu mwalimu wa somo anapozihitaji. Sasa ikipotea au ikivunjika kioo, nani alipe? Hapo ndipo kila mtu anapotazama dari. Na iliyokamatwa ishikwe siku ngapi, na arudishiwe mtoto au aitwe mzee wake? Na walimu je, nasi tuzime zetu? (Hili nililisema kikaoni, kimya.)

Mliokwishapitia haya, Unguja au Pemba, nisaidieni. Mwenye nakala ya kanuni zao, hata ya kuandikwa kwa mkono, naiomba. Kikao cha wazazi ni Jumamosi ijayo.