Treni mbili zipo, yaendeshwa moja! Idi ya watoto imeishia kwenye foleni

Wenzangu wa Mombasa, nimejizuia siku tatu, sasa naandika.

Idi Pili niliwapeleka wanangu wawili na mtoto wa dada yangu kwenye bustani moja ya michezo hapa kwetu. Tulikata tiketi za rolakosta, ile treni ya michezo inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli, saa saba na nusu mchana. Tulipanda saa kumi kasorobo. Tulingoja kwa muda wa saa mbili na robo juani, mdogo analia, na kando ya reli treni ya pili imefunikwa turubai!

Nilipima kwa simu. Treni ina viti 16. Kuvutwa juu, kuzunguka na kurudi, dakika mbili na nusu. Kushusha watu, kupandisha wengine na kukagua vyuma vya kiunoni, mbili na nusu tena. Hizo ni safari 12 kwa saa, watu 192. Treni ikiwa njiani, wahudumu wamesimama tu. Wakipakia, reli nzima iko tupu. Ingetolewa ya pili, moja ingepakia huku mwenziwe azunguka. Hata ukiongeza nusu dakika ya kupishana kituoni, ni safari moja kila dakika tatu: watu 320 kwa saa. Mbele yetu walikuwa kama mia nne. Fanyeni hesabu.

Mtu wa Likoni haelezwi haya. Feri moja ikienda kutengenezwa, watu hujaa mpaka barabarani.

Kuongeza treni peke yake hakutoshi, hilo nalikubali. Pale mhudumu mmoja alikagua viti vyote, kushoto na kulia, na mifuko ya watu ilirundikwa mlangoni. Upakiaji ukiwa mzito hivyo, treni ya pili itarudi na kusubiri kwenye breki nje ya kituo, na watu ndani yake. Rolakosta ya Millennium Force ya kule Ohio, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2000, iliundwa kwa treni tatu za watu 36, na kituo cha kushukia kikatengwa na cha kupandia. Ndiyo maana ikakadiriwa kubeba watu 1,300 kwa saa.

Nilipomfuata msimamizi, akanijibu, "Mama, moja ndiyo salama." Jibu hilo limeniudhi kuliko foleni yenyewe. Reli inayobeba treni zaidi ya moja hugawanywa vipande, na mtambo hauruhusu treni kuingia kipande chenye nyingine. Uingereza, tarehe 2 Juni 2015, treni mbili za rolakosta ya The Smiler, kwenye bustani ya michezo ya Alton Towers, ziligongana baada ya mafundi kuupuuza mtambo uliokwisha kusimamisha treni. Siku hiyo treni ya tano ilikuwa imeongezwa, na wao hawakujua kuna moja tupu imekwama mbele. Mtambo ulifanya kazi yake.

Kama ile ya pili ni mbovu au yangoja ukaguzi, sitaki itolewe hata kidogo. Lakini andikeni dirishani pa tiketi: leo treni moja, foleni saa mbili. Mzazi aamue kabla ya kutoa pesa. Wao walizidi kuuza tu, na saa kumi na mbili wakafunga geti, watoto wenye tiketi mkononi wakarudishwa bila senti.

Idi Kubwa yaja. Mliokuwepo, andikeni hapa mlikata tiketi saa ngapi na mlipanda saa ngapi, au hamkupanda kabisa. Jumatatu nayachapisha yote, nayapeleka ofisini kwao mwenyewe.