Harrier tako la nyani inakunywa balaa: niweke mafuta ya kawaida au yale ya bei?

Mbezi_Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nina Toyota Harrier ya 2005, ile wanayoiita tako la nyani, injini 2.4, nimeichukua kwa mtu mwezi wa tatu. Bodi safi, chini haigongi, ila kunywa inakunywa kama imetoka jangwani. Ruti yangu ni Mbezi Mwisho hadi Posta na kurudi, siku 5 kwa wiki, foleni ya Ubungo mnaijua wenyewe. Hesabu zangu za kichwa zinaniletea kilomita 6 na kidogo kwa lita. Jirani ana gari kama hii hii, anasema yake inampa 8.

Juzi dogo mmoja wa pampu akaniambia: "Bosi, gari kubwa hivi unailisha mafuta ya kawaida, lazima ile sana. Weka haya ya Premium, utaniletea soda." Yanazidi shilingi 200 kwa lita. Nikajaza tangi zima. Kwa hisia zangu gari ikawa nyepesi, ila mke wangu anasema wepesi uko kichwani mwangu kwa kuwa nimeshalipa.

Naombeni ushauri. Niendelee na ya bei, au naliwa?

kapuku_255

Uza, chukua IST. Uzi ufungwe.

Mbezi_Juu

Nina watoto wanne na mama mkwe, mkuu. IST nitawapanga juu ya keria?

Dr_Injini

Endelea na ya bei. Mafuta ya oktani kubwa yana nguvu zaidi na yanaungua taratibu, kwa hiyo lita moja inakwenda mbali. Hii ni sayansi ya kidato cha pili, wala haihitaji mjadala.

FundiSpana

Dr, hapo umewapoteza watu. Oktani siyo nguvu. Ni uvumilivu. Ndani ya silinda mchanganyiko wa hewa na petroli unagandamizwa kabla plagi haijatoa cheche. Petroli yenye oktani ndogo ikibanwa sana, na joto likiwa juu, inajilipukia yenyewe bila kungoja moto wa plagi uifikie. Ndiyo ule mlio wa kugonga unaousikia ukipanda mlima na gia kubwa. Ya oktani kubwa inavumilia kubanwa. Basi. Nishati iliyomo kwenye lita ni ile ile kwa kiasi kikubwa.

Kwa hiyo swali si ukubwa wa gari, ni injini inabana kiasi gani. Injini yako, 2AZ-FE, inabana kama 9.6 kwa 1, haina tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa ya ziada kwenye injini). Wajapani wenyewe waliiandikia regula, yaani petroli ya kawaida. Fungua kifuniko cha mafuta, kama stika bado ipo ipige picha, simu itakutafsiria. Regula ya Japani kwa kiwango chao inaanzia oktani 89, na petroli ya kawaida ya huku haiko chini ya hapo. Ile ya juu wanayoiita haioku inaanzia 96. Gari iliyoandikiwa regula ukiipa haioku haijui ifanye nini na uvumilivu wa ziada. Ni kama kumnunulia kipofu miwani ya jua ya bei mbaya.

Halafu tusidanganyike na umbo. Mazda CX-5 ya Japani inabana 13 kwa 1 na bado inatumia regula, kwa sababu waliichonga injini iweze. Wakati kuna kigari kidogo cha Kijerumani chenye tabo kinadai ya juu. Soma stika, usisome bodi.

Na neno Premium kwenye pampu lenyewe halikuambii oktani. Mara nyingi tofauti ni dawa za kusafisha nozo za injini. Si mbaya, ila mwulize dogo RON (namba ya oktani) ni ngapi. Akijibu "ni nzuri bosi", umeshapata jibu.

Forester_wa_Thika_Road

Salamu kutoka Nairobi. Naunga mkono fundi, lakini msichukulie kwamba mafuta ya bei ni ujinga kwa kila mtu. Mimi niko na Forester XT, ile ya tabo, na stika yake inasema haioku. Nilijaribu kuwa mjanja miezi miwili nikaweka ya kawaida. Gari haikuharibika, lakini ilikuwa nzito kwa mlima na kwa lita nilipoteza. Injini ikianza kugonga, kompyuta inarudisha nyuma cheche ili kujilinda, na hapo nguvu inaenda na mafuta pia. Sasa naweka V-Power, ile ya bei ya Shell, na sijuti. Forester ya 2.0 bila tabo ya ndugu yangu inakunywa super ya kawaida na iko sawa kabisa.

Kitu kingine: sisi huku tuko juu, karibu mita 1,700. Hewa ni nyembamba, kwa hivyo injini isiyo na tabo inajaza hewa kidogo na hata kugonga kunapungua. Nyinyi wa Dar mko usawa wa bahari na joto juu yake. Kama kuna mahali injini itagonga ni huko, sio Nairobi wala Mbeya.

Mbezi_Juu

Haigongi hata kidogo. Nimeipandisha Kimara na eisi imewashwa, kimya.

MtuWaMaskati

Assalaam alaykum. Miye nipo Maskati, na huku dogo wa pampu hana la kukudanganya kwani namba imeandikwa kabisa: 91 na 95. Mwisho wa 2021 bei zilifungwa, baiza (senti za Omani) 229 na baiza 239. Tofauti ikawa baiza 10, basi watu wengi wanaweka 95 kwa kujionesha tu. Nna Prado 2.7, mwaka wa sita huu naipa 91. Kiangazi hapa digrii 45 ni jambo la kawaida, na haijapata kugonga. Baba angu kila siku ananambia naidhulumu gari. Ya kwake anaipa 95, na ulaji ule ule.

FundiSpana

Asante Maskati. Sasa tumrudie Mbezi, maana tunabishania mafuta na mgonjwa hajapimwa.

Mkuu, acha hesabu za kichwa. Jaza mpaka nozo ikate yenyewe, usimwambie dogo aongeze "ifike elfu themanini". Weka tripu sifuri. Endesha kawaida wiki nzima. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile, jaza tena mpaka ikate. Kilomita za tripu gawanya kwa lita ulizojaza. Fanya mara mbili, moja kwa kila mafuta.

Na hesabu ya hela ni hii: kama ya kawaida ni 2,900 na ya bei ni 3,100, umeongeza karibu asilimia 7. Kutoka 6.5 inabidi ufike karibu 7 ndipo urudishe hela yako tu. Faida hapo bado haijaanza.

Mbezi_Juu

Wiki mbili baadaye, narudi na ripoti. Stika ipo, simu imetafsiri: regula.

Ya bei: kilomita 298, lita 43.2. Ni 6.9.
Ya kawaida: kilomita 312, lita 46. Ni 6.8.

Mke wangu ameomba niwasalimie.

kapuku_255

Shikamoo shemeji.

FundiSpana

Sawa, mafuta yametoka kwenye orodha. Maswali matatu. Upepo wa tairi ni ngapi, na umepima wewe au umekadiriwa kwa kupigwa teke? Keria ya juu ipo? Na hili ndilo kubwa: mshale wa joto unakaa wapi ukiwa barabara nyeupe, isiyo na foleni?

Mbezi_Juu

Keria ipo, nilinunua gari nayo. Tairi nimepima leo: mbili zina 22, moja 24, moja 30. Stika ya mlangoni inataka 32. Mshale wa joto unakaa chini ya nusu, nikajua ni dalili nzuri kwamba injini haichemki. Kijana ofisini ana kile kifaa cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kwenye simu. Barabara ya Bagamoyo, mwendo wa 80, kilisoma digrii 61.

FundiSpana

Digrii 61! Mkuu, huna themostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ilishang'olewa.

Huu ni ugonjwa wetu na nasema nikiwa fundi. Gari ikichemka mara moja tu, mtu anang'oa themostati anasema "nchi ya joto hii haina kazi". Kazi inayo. Injini inatakiwa itulie kuanzia 80 mpaka 95 hivi. Ikibaki 61 kompyuta inaamini ni asubuhi, gari haijapata moto, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Na giaboksi ya Toyota ikiona injini ya baridi inachelewa kufunga gia ya juu, kwa hiyo mizunguko inakuwa mingi bure. Ukienda kazini unaendesha gari inayoamka, ukirudi inaamka tena.

Ila kabla hujarudisha, uliza ilichemka kwa nini. Rejeta, feni, kifuniko, vipimwe vyote, na weka kulanti (maji maalum ya kupoza injini), siyo maji ya bomba. Ukirudisha themostati juu ya rejeta iliyoziba utakuja kunilaumu hapa. Cheki na oili kila wiki, baadhi ya hizi 2AZ zina tabia ya kula oili kimyakimya.

Forester_wa_Thika_Road

Enyewe fundi ametoa ugonjwa kwa simu. Na huku wanang'oa pia, usidhani ni Dar peke yake.

Mbezi_Juu

Mrejesho. Gereji wamefungua, mahali pa themostati palikuwa patupu kabisa, hata mpira wake haupo. Rejeta imesafishwa, feni moja ilikuwa haizunguki, imebadilishwa. Themostati mpya imeingia, kulanti imeingia. Tairi zote 32. Keria nimeishusha, iko uani watoto wanaifanya goli.

Mafuta ya kawaida: kilomita 341, lita 41.5. Ni 8.2. Kifaa kinasoma 86 mpaka 90.

Nimepita kwa yule dogo, akaniuliza soda yake iko wapi.

Dr_Injini

Usishangilie. Hizi wiki mbili shule zimefungwa, foleni haipo. Nani kasema ni themostati?

FundiSpana

Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu nakubaliana na Dr. Umebadilisha vitu kadhaa kwa mpigo na barabara nayo imebadilika. Shule zikifunguliwa, pima tena tangi mbili. Nadhani itashuka kidogo, ila 6.8 hutarudi.

Mbezi_Juu

Zinafunguliwa Jumatatu. Leo nimejaza, nozo imekata yenyewe, tripu iko sifuri.