UKOO WETU SAME: Mbwa wa kina Neema

Mama Neema (Arusha): Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Naomba ushauri wa ukoo. Huku Njiro wezi wa usiku wamezidi, na Baba Neema hatimaye amekubali tufuge mbwa. Mimi nina sharti moja: awe mbwa anayeelewa upesi, watoto waweze kumfundisha. Zamu za hospitali haziniachii nafasi ya kushindana na mbwa mkaidi. Tuchukue aina gani?

Baba Neema: Mimi nipo Tunduma na mzigo, ila nilishasema. Malinois. Wale wa jeshi.

Mama Neema: Neema hapa anaomba simu.

Mama Neema: Mjomba Daudi shikamoo, ni mimi Neema. Mimi na Baraka tunataka border collie. Tumesoma kuwa ndiye mbwa mwenye akili kuliko wote duniani.

Dk. Daudi (Moshi): Marahaba mama. Hujakosea sana. Kuna profesa wa saikolojia kule Vancouver, Kanada, anaitwa Stanley Coren. Mwaka 1994 alitoa orodha baada ya kuwauliza waamuzi wa mashindano ya utii wa mbwa wa Marekani na Kanada. Wa kwanza border collie, wa pili poodle, wa tatu German shepherd, yaani hawa tunaowaita mbwa polisi, wa nne golden retriever, wa tano doberman. Labrador ni wa saba. Mbwa wa kundi la juu anashika amri mpya kabla hujairudia mara 5. Wa kati anataka mara 25 hadi 40.

Neema kwa simu ya mama: Si nilisema! 😀

Dk. Daudi: Subiri. Huyo border collie kazi yake kwao Uingereza na Uskoti ni kuswaga kondoo mlimani kutwa nzima. Mpeleke kwenye ua wa Njiro, nyie mko shule, mama yuko zamuni. Ataanza kuswaga kuku, bodaboda, hata watoto wa jirani. Mbwa mwenye akili nyingi akikosa kazi anajitafutia ya kwake, na utakayoiona ni viatu vimetafunwa na mashimo chini ya ukuta.

Dk. Daudi: Yuko border collie mmoja Marekani alikuwa anaitwa Chaser. Alijua majina ya vitu vya kuchezea zaidi ya 1,000, ukimtuma kimoja analeta hicho hicho. Lakini mwenye mbwa huyo alikuwa profesa mstaafu, na alikaa naye saa 4 hadi 5 kila siku. Nani hapo kwenu ana saa 4?

Mama Neema: Hakuna. Tena hakuna kabisa.

Shemeji Juma (Dar): Na mimi niseme kuhusu malinois, maana ndio ninaowafundisha kwenye ulinzi. Baba Neema, ndugu yangu, namheshimu sana yule mbwa, ila simpendekezi kwa nyumba yenye watoto na baba anayesafiri. Anataka mtu mmoja wa kumfanyisha kazi asubuhi na jioni. Akikaa bila kazi anang'ata kwa sababu hajui afanye nini na nguvu zake. Pale Usa River, karibu na kwenu, kuna kituo wanafundisha mbwa kunusa pembe za ndovu. Mbwa wa namna hiyo ana mtu wake, anatembea naye, analala karibu naye. Ndiyo maisha yake yote.

Baba Neema: Sasa mwizi tumfanyaje?

Shemeji Juma: Mwizi wa mtaani anaogopa kelele. Mbwa anayebweka geti likiguswa na kunyamaza ukimwambia anyamaze, huyo ni mlinzi tosha. Mbwa mkali asiyesikia atamng'ata mtu wa kusoma mita ya maji, halafu kesi ni yako.

Babu Elia (Same): Nawasoma wote. Mnataja mbwa wa kizungu tu. Huku kwangu nina huyu Kamata, wa kienyeji, hana ukoo wowote wa karatasi. Juzi mbuzi wamerudi, kijana anafunga boma, mbwa hayupo. Wakadhani ameenda kuzurura. Kwenda kule korongoni wakamkuta amelala kando ya kitoto cha mbuzi kilichonasa mguu kwenye mizizi. Hakubweka wala hakukigusa. Alikuwa anasubiri watu. Nani alimfundisha? Hakuna.

Mama Neema: Shikamoo mjomba. Hiyo imenigusa.

Dk. Daudi: Shikamoo babu. Na hapo umetaja kitu ambacho orodha ile haipimi. Coren mwenyewe aliigawa akili ya mbwa sehemu tatu: ile anayozaliwa nayo kwa kazi ya asili yake, ile ya kutatua matatizo mwenyewe, na ile ya kutii amri za mtu. Orodha inahesabu hiyo ya tatu tu. Ndiyo maana basenji, mbwa wa kuwinda wa Kongo, amewekwa wa pili kutoka mwisho, wakati porini anajua kazi yake vizuri mno. Kwa hiyo Mama Neema, ulichoomba wewe ni utii wa haraka. Wa kienyeji anaweza kuutoa, ila amepishana sana na mwenzake. Mmoja ni Kamata, mwingine hakusikilizi hata umshikie nyama.

Rehema (Hamburg): Hamjambo nyote. Mimi nampigia debe poodle. Si wale wadogo wa kubebwa, yule mkubwa. Zamani alikuwa mbwa wa kuokota bata majini, anajua kusikiliza, na manyoya yake hayapukutiki ovyo.

Dk. Daudi: Dada Rehema ni kweli, ila hayapukutiki kwa sababu yanaota tu kama nywele. Lazima anyolewe kila baada ya wiki chache. Arusha wanaojua kumnyoa ni wachache na bei yao si ya mshahara wa nesi.

Rehema: Basi nashika hili jingine. Huku sheria inakataza kumtenga mtoto wa mbwa na mama yake kabla ya wiki 8. Huko nyumbani naona wanauzwa barabarani hata hawajui kula vizuri. Msinunue hao.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Assalaam alaykum wanangu. Nimesubiri mmalize. Mama Neema, nyumba yako sisi wote tunaingia, na wengine tunasali humo. Sikukatazi. Kwenye Surat al-Maida aya ya 4 Mwenyezi Mungu ametaja wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa shamba wana ruhusa yao. Ila alale nje, awe na banda lake na vyombo vyake. Sisi Mashafii akilamba chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Na mkimfuga msimtese. Kuna mtu alisamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa na kiu.

Mama Neema: Waalaykum salaam shangazi, shikamoo. Hilo nimelipokea kwa mikono miwili. Sebuleni hataingia, na kuingia jikoni tutamfundisha mapema kuwa ni mwiko.

Shemeji Juma: Na hilo linafundishika vizuri tu. Mstari wa mlangoni mbwa anauelewa ndani ya wiki, mradi watu wote wa nyumba wasimamie neno moja. Leo mama anamfukuza, kesho Baraka anamwita ndani ampe chapati, hapo mnamchanganya.

Dk. Daudi: Haya nitoe mapendekezo. Kwa nyumba yenu naona njia mbili. Ya kwanza labrador: mpole kwa watoto, anafundishika mno kwa sababu atafanya lolote kwa chakula. Ubaya wake ni huo huo. Watafiti wa Cambridge mwaka 2016 walieleza kuwa karibu robo ya labrador wana hitilafu kwenye jeni moja inayowafanya wasishibe. Akinenepa, viungo vinaharibika. Na kwa ulinzi, anabweka lakini anaweza kumkaribisha mwizi.

Dk. Daudi: Ya pili, na ndiyo ninayoipenda, ni chotara wa mbwa polisi na wa kienyeji, jike. Mbwa polisi asili yake ni mbwa wa kuchunga kondoo, aina yenyewe ilianzishwa Ujerumani mwaka 1899. Anaelewa upesi, anapenda familia, na anajua mgeni ni nani. Wa damu kamili wengi wanasumbuliwa na nyonga, na bei yake kubwa. Chotara mara nyingi anakuwa imara zaidi. Ila msiangalie rangi wala masikio. Muangalie mama yake.

Baba Neema: Mama yake kivipi?

Dk. Daudi: Fika kwa mwenye mbwa bila haraka. Ukiingia getini mama anabweka? Sawa, ni haki yake. Mwenyewe akimwambia anyamaze, ananyamaza na kuja kunusa? Nunua. Anajificha uvunguni anatetemeka, au hamwachi mtu bila kumrukia? Ondoka, hata watoto wake wawe wazuri namna gani. Woga wa mama watoto wanauchukua.

Dk. Daudi: Halafu kaa chini kabisa pale walipo watoto wake. Dondosha funguo sakafuni. Anayeshtuka kidogo halafu akaja kuzinusa, huyo ndiye. Asiyekuja kabisa muache, na anayevamia wenzake kwa nguvu naye muache.

Mama Neema: Kuna mama mmoja kanisani anakaa Tengeru, mbwa wake ni wa aina hiyo hiyo ya kuchanganya. Amezaa, watoto wana wiki 6.

Dk. Daudi: Nenda Jumamosi ukawaone, umchague, umwache hadi wiki 8. Uliza chanjo ya kwanza ya pavo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha damu, imeshachomwa au bado, maana pavo inaua mtoto wa mbwa kwa siku chache. Itarudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Hiyo haina mjadala. Na dawa ya kupe usisahau, homa ya kupe Arusha ipo.

Shangazi Mwanaidi: Na mtoto aking'atwa na mbwa wa njiani?

Dk. Daudi: Shangazi, papo hapo kidonda kwenye maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, halafu hospitali kwa sindano. Msingoje kuona kama mbwa ataumwa. Kichaa kikishaanza kwa mtu hakiponi.

Neema kwa simu ya mama: Mjomba, tukimpata tunaanza kumfundisha lini?

Shemeji Juma: Siku anayofika. Dakika 5, mara tatu kwa siku, basi. Shika kipande cha dagaa mbele ya pua yake, kipandishe taratibu kuelekea kichwani. Pua ikipanda, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, sema "vizuri" na umpe. Ukichelewa hata sekunde tatu ameshasimama, na wewe umemlipa kwa kusimama. Wale panya buku wa Apopo, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu, pale chuo cha kilimo SUA Morogoro, wanafundishwa hivyo hivyo, mlio mmoja kisha ndizi. Mmoja wao, Magawa, alipata medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Hakuchapwa.

Babu Elia: Sisi tulikuwa tunachapa.

Shemeji Juma: Shikamoo babu. Wengi tulifundishwa hivyo. Lakini mbwa anayechapwa anajifunza kukuogopa wewe, kosa lenyewe halijui.

Babu Elia: Marahaba. Kamata sijawahi kumpiga, sasa ninavyofikiri.

Dk. Daudi: Neema, jambo jingine. Kabla hajafika wiki 14 hivi ndipo anapoizoea dunia. Mbebe mikononi mkamwonyeshe bodaboda, mvua ya bati, mtu wa kofia, mtoto anayelia, adhana, kengele ya kanisa. Msimweke chini kwenye njia za mbwa wengine kabla chanjo hazijaisha. Na makombo yenye vitunguu msimpe, vinaharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana.

Mama Neema: Dona na dagaa?

Dk. Daudi: Vinafaa, ongeza utumbo uliochemshwa na mboga kidogo. Dagaa wasiwe na chumvi.

Neema kwa simu ya mama: Baraka anataka aitwe Kaka.

Shemeji Juma: Atachanganya na "kaa". Tafuteni jina lisilofanana na amri yoyote, fupi, linalosikika mbali.

Neema kwa simu ya mama: Pili?

Shemeji Juma: Pili linafaa sana.

Mama Neema: Nimeandika karatasi ya kubandika mlango wa jikoni. Maneno ya nyumba nzima: Kaa. Njoo. Lala. Acha. Nyamaza. Baba Neema, yasome huko huko uliko, ukirudi usije na ya kwako.

Baba Neema: Nimeyasoma. La kumtoa jikoni silioni.

Mama Neema: Naongeza "Nje".

Babu Elia: Jumamosi nipigieni video mkifika Tengeru. Nataka nimwone huyo mama yake.

Mama Neema: Tutakupigia mjomba, saa nne asubuhi uwe karibu na simu.