Nashona mabegi ya safari hapa Kigoma mwaka wa pili huu, sielewi kama nina biashara au nina vyerehani tu

Mtoto_wa_Mwanga

Wakuu habari za usiku. Naombeni mnisikilize maana nikimwambia mama ananijibu si nilikwambia uombe kazi, na washkaji wakiona picha nazopost wanajua nshatoboa, kila mtu ananikopa mimi.

Iko hivi. Nilikuwa naenda na boti za wageni Gombe, nabeba mizigo, naosha boti, kazi zote. Gombe barabara hamna, ukishatoka Kibirizi ni maji mpaka unafika, na upepo ukiamka wimbi linaingia ndani linakaa na nyie. Kila wiki naona begi la mtu limelowa, kamera imekufa, mkate umekuwa uji. Nkasema hawa wageni wanatembea na mabegi ya laki tano, si tushone yetu? Nikauza pikipiki, nikashuka Kariakoo nikachukua vyerehani viwili vya umeme vya mtumba, majora ya kitambaa, zipu, nikampata mzee mmoja fundi wa Ujiji alikuwa anashona sare za shule. Tukaanza na begi la mgongoni, hema la watu wawili, bembea za kamba na begi la kuzuia maji.

Msimu wa kwanza, mwezi wa sita mpaka wa tisa, aisee nilijiona bosi. Kampuni moja ya utalii (siitaji) ikachukua mabegi 40 ya maji kwa mkupuo, nikaoka mbuzi. Hela yenyewe imekuja baada ya miezi minne, vipande vipande, na kila nikipiga simu mhasibu yuko msibani. Afu mvua za mwezi wa kumi na moja zikaanza. Mteja wangu wa Kasulu aliyenunua hema akanipigia saa nane usiku, hakunitukana hata, alisema tu "kijana, huku ndani tunaoga". Kitambaa nilikijaribu mimi mwenyewe, nilikitega kama beseni nikamwagia ndoo nzima hakikupitisha tone, sasa inavuja wapi? Na zipu zinaachia meno.

Sa hivi wageni hamna, pango linasoma laki na ishirini kila mwezi. Kuna sehemu wako tayari kunikopesha milioni 5, nawaza niagize kitambaa kizuri China na niongeze mashine. Nikope au nifunge?

Fundi_Kazeh

Mdogo wangu niko Tabora hapa, nimeshona maturubai ya fuso na viti vya mabasi miaka kumi na mbili, ngoja nikwambie hema lako linavuja wapi. Linavuja pale ulipolishona. Sindano ikipita inaacha tundu, mshono wa mita moja una matundu mia mbili na zaidi, kila tundu ni bomba. Kitambaa hakina kosa.

Kingine, muuzaji alikwambia kitambaa ni cha 1,500 au 3,000? Hiyo namba ni milimita, maana yake kinavumilia safu ya maji yenye urefu huo kabla hakijaanza kupenyeza. 1,500 ni mita moja na nusu ya maji, kwa ukuta wa hema inatosha, ila sakafuni mtu akipiga goti uzito wote unakaa sehemu moja na udongo chini umelowa, maji yanapanda. Sakafu weka 3,000 kwenda juu. Na mishono ya hema lazima izibwe kwa ndani, kuna tepu yake inabandikwa kwa moto au gundi ya kuzibia mishono unapaka kwa brashi unaacha usiku mzima. Ukishindwa vyote hivyo usiuze hema, uza kivuli, sema ni kivuli.

Begi la maji ndo kabisa usilishone. Chukua turubai la PVC, lile zito la magari, unalichomelea kwa hiti gani (ile mashine ya kupuliza hewa ya moto) kama ya watu wa tinti na rola ndogo ya kukandamizia. Unapasha vipande viwili kwa pamoja mpaka vianze kung'aa, unabana, unasubiri ipoe ndo uvute kujaribu. Fanyia nje, ule moshi wa PVC ukiungua sio wa kuvuta, unakula kifua. Mdomo wa begi usiweke zipu, unakunja mara tatu au nne afu unafunga klipu, basi. Na usichanganye na yale maturubai mepesi ya kufumwa, hayo ni plastiki nyingine hayashikani na PVC hata uombe dua. Halafu mtu atakuja kukuuzia ya bei chee yana nembo ya wakimbizi, mwambie hapana, utakuja kuelezea polisi.

Uzi je? Kama mzee anatumia uzi wa sare za shule ndo maana. Tafuta uzi wa polista mnene na sindano namba 18.

kijana_mkweli

Funga mkuu. Panda michikichi, mawese hayavuji.

Mama_wa_Kibirizi

Mwanangu mimi nauza dagaa hapa Kibirizi tangu hujazaliwa pengine, na hayo mabegi yako nimeyaona, yale ya rangi ya machungwa. Mazuri. Ila nikuulize, huyo mgeni anayetoka Ulaya kuja kuangalia sokwe, ameshuka kwenye ndege bila begi? Anakuja nalo, na viatu, na koti la mvua. Labda kanga ndo atanunua. Wewe umefungua duka la kuuzia watu waliokwisha kununua.

Angalia wanaolala ziwani. Kila kipe, chombo cha kuvulia dagaa, kina watu wanne watano wote wana simu, wanaiweka kwenye mfuko wa nailoni wa sukari wanafunga na mpira. Betri za taa wanazifunika na koti. Mimi mwenyewe daftari langu la madeni limeanguka majini mara mbili, mara ya pili nililia. Nishonee kifuko cha daftari na pesa cha kuvaa shingoni uone kama sitaleta wanawake kumi.

Lakini ujue kuwauzia wavuvi. Dagaa anavuliwa kwa taa, kwa hiyo hela iko kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haifanyi kazi, watu wamekaa wanacheza bao, ukienda kudai hapo utaambulia matusi. Kopesha giza, dai giza hilohilo. Na ule mwaka 2024 ziwa lilivyofungwa kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano mpaka 15 mwezi wa nane, miezi mitatu, huku Kibirizi hata muuza chai alifunga. Wakifunga tena ujue miezi hiyo mteja wako ni mgeni na boti zake, wavuvi waache wapumue.

Dada_wa_hesabu

Naomba kuuliza, begi moja la maji unatumia shingapi na unauza shingapi?

Mtoto_wa_Mwanga

Dada turubai 6,000, klipu na mkanda 2,500. Nauza 18,000. Kwa hiyo faida 9,500 kila begi ndo maana nachanganyikiwa hela inaenda wapi

Dada_wa_hesabu

Ndo pale pale inapoenda. Mzee wa Ujiji unamlipa kwa begi?

Mtoto_wa_Mwanga

3,000

Dada_wa_hesabu

Sawa 9,500 toa 3,000 imebaki 6,500. Mzigo kutoka Dar kwenye basi hujaweka, tuseme 700 kwa begi, 5,800. Pango laki na ishirini, kama mwezi mzuri unatoa mabegi 60 kila begi linabeba 2,000, imebaki 3,800. Yanayorudi kuvuja ukibadilisha moja kwenye kila kumi umepoteza materio ya 8,500, gawanya kwa kumi ni 850. Uko 2,950 na wewe mwenyewe hujajilipa hata vocha, na hapo ni mwezi wa mabegi 60, mwezi wa mabegi 15 pango peke yake ni 8,000 kwa begi, yaani unamlipa mteja akubebee. Yale 40 ya kampuni ni 720,000 ilikaa kwao miezi minne bure, wakati wewe unakopa mtaani kununua zipu. Kuanzia leo mzigo mkubwa ni nusu mkononi kabla hujakata kitambaa, asiyetaka aende zake.

Milioni 5 usiiguse. Kwanza ya riba ngapi hujasema na najua kwa nini hujasema. Kama ni lazima, halmashauri kuna ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato yao, nne wanawake nne vijana mbili wenye ulemavu, haina riba ila ni ya kikundi, kwa hiyo chagua wenzako vizuri maana mmoja akikimbia mnalipa mliobaki. Pitia pia SIDO mkoani, wale wa serikali wa viwanda vidogo, kabla ya kufikiria China, uliza habari za mafunzo na mashine, kuuliza bure.

Na mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa, una vyerehani viwili na fundi wa sare. Mabegi ya shule kwenye mvua hizo hujaona?

Mtoto_wa_Mwanga

Begi la shule niliona kama kushuka hadhi kiukweli. Nimeandika kabisa kwenye bango "vifaa vya safari na milima".

Fundi_Kazeh

Mtoto wa Uvinza anayetembea kilomita nne kwenda shule na mvua za mwezi wa kwanza hajasafiri huyo?

kijana_mkweli

Hapo kaka umeongea. Michikichi naiondoa.

Mtoto_wa_Mwanga

Wakuu nimerudi, ni kama wiki tatu. Hema nimeacha, yule wa Kasulu nimemrudishia hela yake nusu na nyingine mwisho wa mwezi, amekubali, kasema nisimpigie usiku tu 😂. Hiti gani nimeazima kwa jamaa wa tinti pale Mwanga, mabegi matatu ya kwanza nimeunguza, moja limetoboka kama limepigwa risasi, la nne nikaliweka karatasi za chooni ndani nikalifunga nikalikalisha kwenye pipa la maji na tofali juu usiku mzima. Asubuhi karatasi kavu. Nilimwamsha mzee simu ya saa kumi na mbili.

Mama wa Kibirizi kifuko chako cha shingoni kiko tayari, nimekata kwenye vipande vilivyobaki, materio haifiki 1,500 na nawaza kuuza 5,000. Nimetengeneza 20. Nakuja Jumamosi, mwezi mchanga nimeangalia.

Pango bado linaniumiza kichwa, na zipu za mabegi ya mgongoni sijapata jibu.

Mama_wa_Kibirizi

Njoo kabla ya saa tatu, baadae boti zikishashusha hamna atakayekusikiliza. Hiyo 5,000 waambie 6,000 wakuteremshe. Na kile changu kiwe kipana, daftari langu ni lile kubwa la kaunta, sio madaftari ya watoto.